Pigo na Sentensi: Usanidi wa Seva ya Saa Inayotegemea Setilaiti

Seva ya saa ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuzijibu kompyuta nyingine za mtandao swali moja tu, yaani sasa ni saa ngapi, na thamani yake yote hutegemea mahali ambapo yenyewe inalipata jibu hilo. Itifaki ya NTP, iliyobuniwa na David L. Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani na kuchapishwa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1985, huzipanga saa kwa ngazi: ngazi ya sifuri ni chombo chenyewe cha kupimia wakati, kama vile saa ya atomu au kipokezi cha setilaiti, ambacho huitwa saa ya rejea, ngazi ya kwanza ni seva iliyounganishwa moja kwa moja na chombo hicho, ngazi ya pili ni ile inayoiuliza ngazi ya kwanza, na kuendelea hivyo hadi ngazi ya 15, kwa kuwa namba 16 humaanisha kwamba saa haijalinganishwa na chochote. Kwa vile kipokezi cha GPS siku hizi ni kitu cha bei nafuu, yeyote mwenye kompyuta ndogo na antena anaweza kuitangaza seva yake kuwa ya ngazi ya kwanza, na hapo ndipo tatizo linapoanza, maana namba ya ngazi hueleza umbali kutoka kwenye chanzo na haielezi hata kidogo iwapo chanzo hicho kinasema kweli. Usahihi setilaiti imekwisha kuutoa. Kinachobaki kwa msanidi, na ndicho kigumu, ni kuamua nani aaminiwe, kwa jambo gani, na hadi lini.

Njia ya kawaida zaidi ni kuomba saa kupitia intaneti, nayo haifai kudharauliwa. Kompyuta inayouliza huandika wakati ilipotuma pakiti, seva huandika wakati ilipoipokea na wakati ilipojibu, kisha muulizaji huandika wakati jibu lilipomfikia. Kutokana na nyakati hizo nne hupatikana muda wa safari nzima pamoja na tofauti iliyopo baina ya saa mbili, kwa sharti moja tu, kwamba safari ya kwenda na ya kurudi zichukue muda sawa. Sharti hilo huvunjika mara kwa mara. Pakiti inayotoka Dar es Salaam kwenda Ulaya inaweza kupita katika kebo moja ya baharini na jibu lake likarudi kwa nyingine, na ikiwa kwenda kumechukua milisekunde 60 na kurudi milisekunde 100, saa ya muulizaji itakosea kwa milisekunde 20, ambazo ni nusu ya tofauti hiyo, bila dalili yoyote kuonekana, kwa kuwa kila pakiti itapotoka kwa kiasi kilekile.

Kwa kazi nyingi za ofisini milisekunde 20 si kitu. Mfumo wa Kerberos, unaothibitisha utambulisho wa watumiaji wa mtandao, kwa kawaida huvumilia hata dakika tano. Minara ya simu inayotuma na kupokea kwa kupokezana katika masafa yaleyale, kwa upande mwingine, hutakiwa isipishane na wakati wa rejea kwa zaidi ya mikrosekunde 1.5, na huko intaneti ya kawaida haifiki. Tena kebo hukatika: tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom ziliathirika kwa wakati mmoja, na huduma ya intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Katika siku ya namna hiyo seva iliyoko Frankfurt au London huweza kuwa haifikiki kabisa, ilhali setilaiti zinaendelea kupita juu ya paa lilelile.

Setilaiti za GPS huzunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200, kila moja ikibeba saa za atomu za rubidi au za sizi, na kipokezi hupima muda ambao mawimbi yametumia kusafiri kutoka kwa kila setilaiti inayoonekana. Nuru husafiri sentimita 30 hivi katika nanosekunde moja, kwa hiyo mfumo unaodai kumwonyesha mtu alipo kwa kukosea mita chache hauna budi kuujua wakati kwa kukosea nanosekunde chache. Hata nadharia ya Einstein ya uhusianifu imezingatiwa: saa iliyoko katika kimo hicho hutangulia zile za ardhini kwa mikrosekunde 38 hivi kwa siku, ndiyo maana mpigo wa saa za setilaiti hupunguzwa kidogo kabla hazijarushwa. Kipokezi huwa na mambo manne kisiyoyajua, yaani vipimo vitatu vya mahali kilipo na kosa la saa yake yenyewe, na kwa sababu hiyo huhitaji setilaiti nne. Vipokezi vilivyoundwa mahususi kwa ajili ya kupima wakati hupiga hatua moja zaidi: hujipima mahali vilipo kwa saa kadhaa, huchukua wastani, kisha huchukulia kwamba antena haitasogea tena, na kuanzia hapo hata setilaiti moja hutosha kuipata saa. Msanidi anayeacha kuiwasha hali hiyo hupoteza faida kubwa aliyokwisha kuilipia.

Kipokezi hutoa habari zake kwa njia mbili tofauti, na kutozitenganisha njia hizo ndicho chanzo cha makosa mengi. Njia ya kwanza ni sentensi, yaani mstari wa herufi wenye muundo unaoitwa NMEA, ambao hutaja tarehe, saa, dakika na sekunde. Njia ya pili ni pigo la sekunde, yaani badiliko la ghafla la volti katika waya mmoja, linalotokea mara moja kila sekunde inapoanza. Sentensi inajua ni sekunde ipi lakini haijui hasa ilianza lini. Pigo linajua ilianza lini lakini halijui ni ipi, kama mzinga wa kufuturia unaowaambia watu wote kwamba wakati umetimia bila kutaja tarehe. Udhaifu wa sentensi unahesabika kwa urahisi: kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, kila herufi huchukua takriban milisekunde moja kupita katika waya, hivyo sentensi ya herufi 70 hukamilika milisekunde 70 na zaidi baada ya kuanza kutumwa, na kabla ya kuituma kipokezi kimekwisha kutumia muda mwingine kufanya hesabu zake, muda unaobadilika kadiri idadi ya setilaiti zinazoonekana inavyobadilika. Pigo, likiingizwa vizuri katika kompyuta, huyumba kwa mikrosekunde chache tu.

Ndoa ya vitu hivyo viwili huonekana wazi katika faili la usanidi la chrony, mojawapo ya programu zinazotumika sana kwa kazi hii katika mfumo wa Linux. Mistari miwili hutosha:

refclock SHM 0 offset 0.2 refid NMEA noselect
refclock PPS /dev/pps0 lock NMEA refid PPS

Mstari wa kwanza unaiagiza programu ichukue saa ya sentensi kutoka kwenye eneo la kumbukumbu ambamo gpsd, programu inayozungumza na kipokezi, huiweka. Unaiagiza pia ichukulie kwamba sentensi hiyo huchelewa kwa sekunde 0.2, iipe jina la NMEA, na isiichague kamwe kuwa kiongozi wa saa ya kompyuta. Mstari wa pili unaagiza kwamba pigo linalofika kupitia kiini cha mfumo endeshi lifungwe kwenye sentensi hiyo, yaani kila pigo lipewe namba ya sekunde inayotajwa na NMEA. Sentensi, kwa maneno mengine, ina haki ya kusema na haina haki ya kuongoza. Katika ntpd, programu ya zamani iliyotoka katika mikono ya Mills mwenyewe, mpango ni uleule kwa sura nyingine: saa za rejea hupewa anwani za bandia zinazoanza na 127.127, ambapo namba 20 ni kiendeshi cha NMEA, 22 ni cha pigo na 28 ni cha kumbukumbu ya pamoja, na neno prefer huwekwa kwa chanzo kitakacholihesabia pigo sekunde zake.

Namba ile ya 0.2 haifai kunakiliwa kutoka kwenye mfano wa mtu mwingine, ijapokuwa ndivyo inavyofanyika sana. Kila kipokezi kina ucheleweshaji wake, na namna ya kuupata ni kuiacha seva ikusanye vipimo kwa saa kadhaa ikiwa inaongozwa na seva nyingine za mtandao, kisha kuandika wastani wa tofauti iliyoonekana. Hatari haiko katika kukosea kwa milisekunde kumi au ishirini, kwa kuwa pigo litalisahihisha hilo. Iko pale ambapo sentensi, baada ya kurekebishwa, inabaki imechelewa kwa karibu nusu sekunde, kwa maana hapo pigo linaweza kupewa namba ya sekunde jirani, na seva ikatangaza, kwa utulivu wa mikrosekunde, saa iliyokosea kwa sekunde nzima. Kosa la ukoo huohuo hutokea upande wa waya. Pigo lina ukingo wa kupanda na ukingo wa kushuka, na mara nyingi kingo hizo huachana kwa milisekunde 100. Sekunde huanzia ukingo mmoja tu, lakini saketi ndogo za kubadilisha volti huweza kuligeuza pigo juu chini, na msanidi asiyejua hilo hupata seva inayokosea kwa milisekunde 100 kamili, leo, kesho na mwaka mzima. Grafu ya seva hiyo ni nzuri kuitazama.

Waya wenyewe una mambo yake. Pigo huingizwa katika kompyuta ya kawaida kupitia pini ya kwanza ya kiunganishi cha zamani cha mfululizo chenye pini tisa, au kupitia pini za moja kwa moja katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Kipokezi kinachochomekwa kwa USB ni rahisi kukitumia, lakini USB huuliza vifaa vyake kwa zamu, kila milisekunde moja katika toleo la kasi ndogo na kila mikrosekunde 125 katika toleo la kasi kubwa, kwa hiyo pigo linalopita huko hupoteza sehemu kubwa ya ubora wake. Waya wa antena, kwa upande wake, huchelewesha mawimbi kwa nanosekunde tano hivi kwa kila mita, hivyo mita 30 huleta nanosekunde 150. Kwa seva ya NTP kiasi hicho hakionekani, na anayekihangaikia huku kipokezi chake kimechomekwa kwa USB amekosea mahali pa kuhangaikia.

Antena ndiyo inayostahili muda zaidi kuliko inavyopewa. Mawimbi ya GPS hufika ardhini yakiwa dhaifu mno, na paa la bati huyazuia kabisa, kwa hiyo antena iliyowekwa darini ili isiibwe haitaona kitu. Ikiwekwa juu ya bati lakini chini ya ukuta mrefu, itapokea pia mawimbi yaliyogonga ukuta na kurudi, ambayo yamesafiri njia ndefu zaidi na kwa hiyo yanadanganya. Mahali pazuri ni juu ya mlingoti mfupi wenye anga wazi pande zote, mahali ambapo radi nayo hupapenda, na maeneo ya Ziwa Victoria na mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Kizuizi cha radi katika waya wa antena, kilichounganishwa na ardhi ya jengo, si anasa huko. Ukanda wa ikweta una jambo jingine: baada ya jua kuzama, hasa katika miezi ya karibu na Machi na Septemba, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme huchafuka na kuyafanya mawimbi ya setilaiti yapepese, na kipokezi kinaweza kupoteza baadhi ya setilaiti kwa muda. Seva iliyosanidiwa vizuri hupita katika saa hizo bila mtumiaji kujua.

Yote hayo yanachukulia kwamba setilaiti zinasema kweli, na kwa kawaida zinasema. Hata hivyo, tarehe 26 Januari 2016, setilaiti moja ya zamani ilipoondolewa katika huduma, data yenye kosa ilipakiwa katika baadhi ya setilaiti za GPS, na vipokezi vilivyoisoma vikapotoka kwa takriban mikrosekunde 13 dhidi ya saa ya ulimwengu, yaani UTC. Ramani za magari hazikuonyesha chochote, kwa sababu kosa halikuwa katika mawimbi ya kupimia mahali bali katika marekebisho yanayobadilisha saa ya GPS kuwa UTC. Saa hizo mbili ni tofauti: saa ya GPS ilianza kuhesabiwa tarehe 6 Januari 1980 na haiongezewi sekunde, ilhali UTC huongezewa sekunde moja mara chache ili isiachane na mzunguko wa dunia, hivyo tangu mwanzo wa mwaka 2017 GPS imetangulia kwa sekunde 18. Kipokezi huambiwa tofauti hiyo katika ujumbe unaorudiwa kila baada ya dakika 12 na nusu, na kabla ya kuupata huweza kutumia tofauti iliyoandikwa kiwandani, ambayo pengine imepitwa na wakati. Seva inayoanza kuhudumia wateja mara tu baada ya kuwashwa ina nafasi ya kuwapa sekunde zisizo sahihi kwa dakika hizo chache. Mfumo wa Urusi wa GLONASS hauna tatizo hilo, kwani unafuata UTC pamoja na sekunde zake za nyongeza, ukiongeza saa tatu za Moscow, ambazo kwa bahati ni sawa na saa tatu za Afrika Mashariki.

Kalenda ya GPS ina kasoro kubwa kuliko hiyo. Ujumbe wake wa awali huhesabu wiki kwa biti kumi, hivyo baada ya wiki 1,024, ambazo ni kama miaka 19.6, hesabu hurudi sifuri. Imerudi Agosti 1999 na Aprili 2019, na itarudi tena Novemba 2038. Watengenezaji wa vipokezi hukisia mzunguko uliopo kwa kutumia tarehe iliyoandikwa ndani ya programu dhibiti, na kisio hilo lina mwisho wake, ambao kwa kila modeli huja kwa siku yake bila kutangazwa. Kosa linaweza kuwa hata nje ya kipokezi: matoleo ya gpsd kuanzia 3.20 hadi 3.22 yalikuwa na hitilafu ambayo tarehe 24 Oktoba 2021 ingeirudisha saa nyuma kwa wiki 1,024, hadi Machi 2002. Pigo, siku kama hiyo, huendelea kupiga kwa usahihi uleule.

Tiba ya makosa ya aina hii ni mashahidi. NTP huchukulia kwamba kila chanzo hutoa masafa ya nyakati ambamo wakati wa kweli umo, kisha hutafuta sehemu ambayo masafa mengi yanakutana, kwa mbinu inayotokana na kazi ya Keith Marzullo ya mwaka 1984. Chanzo kilicho nje ya sehemu hiyo hutupwa. Vyanzo viwili vikitofautiana haijulikani ni kipi kinachokosea. Vitatu hutosha kumfichua mwongo mmoja, na vinne hubakiza hali hiyo hata kimoja kikizimika. Kwa hiyo seva yenye GPS bado inahitaji seva tatu au nne za mtandao katika faili lake, zisizotumia saa ya setilaiti ileile kwa njia ileile, hata kama zote ni duni kuliko pigo kwa mara elfu. Haziwezi kufichua kosa la mikrosekunde 13, lakini hufichua sekunde nzima, wiki 1,024, na mara nyingi hata ule ukingo uliogeuzwa. Hapa neno prefer, pamoja na mwenzake trust wa chrony, linahitaji uangalifu: trust huiambia programu kwamba chanzo fulani kiaminiwe daima, na kukiwekea kipokezi alama hiyo ni kuwafukuza mashahidi mahakamani.

Ni vema pia kutojidanganya kuhusu idadi. Kipokezi kimoja kinachosikia GPS, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China hutoa pigo moja, na kwa NTP ni shahidi mmoja. Antena mbili juu ya paa moja hukosea pamoja endapo mtu atayavuruga mawimbi kwa kifaa cha redio, au atayaghushi, yaani atatuma mawimbi yanayofanana na ya setilaiti yakiwa na saa ya uongo. Hilo si jambo la nadharia kwa msomaji wa Kiswahili: mwaka 2024 suala la kuingiliwa kwa mawimbi ya GPS katika Kivu Kaskazini lilifikishwa hadi mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Kuhusu upande wa wateja, maelezo ni mafupi: pakiti za NTP hupita katika poti 123 ya UDP, mstari wa allow hutaja anwani zinazoruhusiwa kuuliza, na matoleo ya zamani ya ntpd yanayojibu amri ya monlist, ambayo mwaka 2014 ilitumika kushambulia mitandao kwa kukuza pakiti ndogo kuwa kubwa, hayafai kubaki kazini.

Swali la mwisho la usanidi ni la hadi lini, nalo hujibiwa na fuwele ya kwatzi iliyomo ndani ya kompyuta. Antena ikinyamaza, seva huendelea kwa kutumia mwendo wa fuwele hiyo iliokuwa imejifunza. Fuwele ya kawaida ikiyumba kwa sehemu moja tu katika milioni, seva hupotea kwa milisekunde 86 kwa siku, na joto la chumba ambacho kiyoyozi chake huzimika na kuwaka hutosha kuleta myumbo wa kiasi hicho au zaidi. Mgao wa umeme huleta shida ya pili, kwa sababu Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa inayoendelea umeme ukikatika, na huwaka zikiwa na tarehe iliyopitwa. Mstari wa makestep 1 3 huruhusu saa irukishwe mara moja ikiwa imekosea kwa zaidi ya sekunde moja katika masahihisho matatu ya kwanza, na baada ya hapo isogezwe polepole tu. Mstari wa local, unaoiruhusu seva kuendelea kujitangaza hata isipokuwa na chanzo chochote, unafaa katika mtandao uliojifungia ambamo kukubaliana ni muhimu kuliko ukweli, na namba yake huwekwa juu, kwa kawaida 10, ili kompyuta yoyote yenye chanzo bora iipuuze.

Msanidi makini huchomoa antena kwa makusudi kabla ya kuwakabidhi wateja seva, akaiacha siku nzima, na kutazama jedwali la chronyc sources: alama ya nyota iliyokuwa kando ya PPS, yaani pigo, huhamia kwenye seva mojawapo ya mtandao, safu ya Reach, ambayo huandika 377 pale majaribio manane ya mwisho yanapofaulu yote, hushuka hatua kwa hatua hadi sifuri, na kiasi cha kosa kinachokadiriwa na seva yenyewe huanza kupanda. Ikiwa Reach imefika sifuri na seva bado inawaambia wateja wake kwamba kosa lake ni mikrosekunde chache, faili la usanidi linahitaji kufunguliwa tena.